Klarineti ya Kale na Mti Wetu wa Mpingo

(Maneno yaliyosemwa mbele ya waimbaji, wapiga bendi na vijana wa karakana, katika juma la jubilei)



Tumeagizwa katika juma hili tuseme juu ya kazi ya mikono. Nasi tumechagua ala moja ya muziki ambayo wengi wenu mmepata kuisikia katika bendi, walakini ni wachache kati yenu walioishika na kuichungulia ndani. Nayo ni klarineti. Hatusemi hasa juu ya klarineti ya siku hizi, iliyofunikwa na vyuma ving'aavyo hata mti wenyewe hauonekani. Twataka kuwaeleza ile ya kale, iliyotengenezwa huko Ulaya tangu karibu na mwaka 1700 hata kufikia mwaka 1820 hivi. Maana katika ile ya kale kazi ya fundi i wazi, na kila tundu lina sababu ambayo mtu aweza kuifuata kwa jicho na kwa kidole. Kisha tutaona jinsi ilivyouacha mti wake wa kwanza ikatafuta mwingine, na jinsi kutafuta huko kulivyowaleta watu mpaka katika misitu yetu.

Watu wa pwani wanayo nzumari yao. Hiyo ni ndugu ya klarineti, ila si wa tumbo moja, kwa kuwa nzumari ina ndimi mbili nyembamba zinazopigana kinywani mwa mpigaji. Klarineti ina ulimi mmoja tu wa tete, uliolazwa juu ya kipande cha mdomoni na kufungwa kwa uzi. Tena njia yake ya pumzi, yaani ule uwazi wa ndani, haipanuki toka juu. Huenda sawasawa kama bomba mpaka karibu na mwisho. Jambo hili la bomba laonekana dogo. Lakini taabu yote ya mafundi wa klarineti, na uzuri wake wote, vimetoka hapo.

Ninyi mliojifunza ngazi ya sauti mtafahamu upesi. Ukiipuliza filimbi kwa nguvu, sauti huruka hatua nane: fa hupanda ikawa fa ya juu. Bomba lililo sawasawa, lililozibwa upande mmoja kwa ulimi na midomo ya mpigaji, haliruki hivyo. Huipita ile ya nane likaenda kutua katika ya kumi na mbili. Fa ya chini huwa do iliyo mbali juu yake. Basi mpigaji wa filimbi hutoshewa na matundu sita, kwa kuwa akiisha kupanda ngazi yote hurudia vidole vile vile kwa pumzi kali zaidi. Mpigaji wa bomba letu hana bahati hiyo. Anayo matundu saba mbele na moja nyuma la kidole gumba; akiisha kuyafungua yote amepata fa, sol, la, ti iliyoshushwa, do, re, mi, fa na sol. Vidole vimekwisha, na ile do ya kurukia ingali mbali. Katikati pana pengo.

Aliyelijaza pengo hilo alikuwa fundi wa mji wa Nuremberg katika Ujerumani, jina lake Johann Christoph Denner. Alizaliwa mwaka 1655, akafa mwaka 1707. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa baragumu za wawindaji na vifilimbi vya kuitia ndege na wanyama, na kijana alikua kati ya takataka za keezo. Mji ule ulishika sana sheria za vyama vya mafundi. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuuza kazi mpya kwa kupenda kwake tu. Kwa hiyo katika mwaka 1696 Denner na mwenzake Johann Schell waliwaandikia wakuu wa mji kuomba wahesabiwe kuwa mafundi wakuu, wapate kutengeneza na kuuza ala za namna ya Kifaransa. Wakakubaliwa.

Wakati ule ilikuwako ala fupi yenye ulimi mmoja, iitwayo shalumo, yenye sauti tamu lakini chache, kwa sababu ya pengo lile tulilolitaja. Denner, kama alivyoandika Johann Gabriel Doppelmayr katika mwaka 1730 alipokusanya habari za mafundi wa Nuremberg, ndiye aliyeitoa klarineti. Wataalamu wengine hudhani ya kuwa mwanawe, Jacob, alikuwa na sehemu kubwa katika kazi hiyo. Na kweli katika mwaka 1710 ni Jacob aliyeagizwa klarineti mbili kwa ajili ya Duke wa Gronsfeld, na hati ya agizo hilo ni miongoni mwa habari za kwanza kabisa za jina hili. Jina lenyewe maana yake ni tarumbeta ndogo. J. G. Walther aliandika mwaka 1732 ya kuwa ukiisikia kwa mbali hudhani ni tarumbeta.

Lile pengo lilizibwa kwa vifunguo viwili vya shaba vilivyowekwa juu ya matundu yote, kimoja mbele na kimoja nyuma. Ukifungua kimoja hupata la. Ukifungua vyote viwili, ti iliyoshushwa. Tena kile cha nyuma, kikifunguliwa peke yake huku vidole vingine vimefunika, huifanya sauti iruke mpaka ile ya kumi na mbili pasipo mpigaji kujipasua mapafu. Ikabaki ti kamili, ambayo mtu aliipata kwa kubana midomo na kuomba heri. Mafundi waliofuata waliurefusha mwili wa ala upande wa chini, wakaongeza kifunguo kimoja kirefu, hata sauti ya chini kabisa ikawa mi badala ya fa. Na mi ikiruka huwa ti. Hivyo sauti iliyokosekana katikati ilitafutwa chini kabisa, katika ncha ya ala ambako hakuna aliyedhani ingeonekana. Sisi twaiona akili hiyo kuwa kubwa kuliko vyuma vyote vilivyoongezwa baadaye.

Lakini lile tundu la kifunguo cha nyuma lilibaki na mabwana wawili. Likiwa kubwa, ti iliyoshushwa husikika safi, lakini kule kuruka huharibika. Likiwa dogo, kuruka huwa kuzuri na ti ile huziba. Fundi hana budi kuchagua mahali pa katikati na kuvumilia lawama za pande zote mbili. Tena tundu hilo lingejaa maji ya pumzi kama lingetobolewa hivi hivi. Kwa hiyo hutiwa kijibomba cha shaba kinachopenya ukuta wa mti na kujitokeza kidogo ndani, ili maji yapite kando yake bila kuingia. Klarineti nyingi za leo zingali na tundu hili lenye kazi mbili. Miaka mia tatu imepita, na ti iliyoshushwa bado husikika kana kwamba mpigaji ana mafua.

Sasa na tuingie katika karakana. Mti wa mafundi hao ulikuwa ni buksi, mti mdogo wa Ulaya usiozidi sana unene wa paja la mtu, wa rangi ya manjano kama siagi, mgumu na mwororo, usio na nyuzi za kuonekana. Fundi alikata vipande vifupi akaviacha vikauke miaka mingi, maana mti uliokerezwa kabla ya wakati wake hujikunja ukiisha kuuzwa, na mnunuzi hurudi na hasira. Kila kipande kilitobolewa kwanza tundu jembamba toka ncha hata ncha, kikakerezwa nje kwa ukali kidogo tu, kikaachwa tena. Ndipo baadaye ilipopanuliwa njia ya pumzi kwa chuma kirefu chenye makali upande mmoja, kilichosuguliwa na fundi mwenyewe kwa kipimo chake mwenyewe. Chuma hicho kilikuwa ni siri ya nyumba. Mtu aweza kuigiza umbo la nje kwa kutazama, lakini umbo la ndani limo katika chuma cha kupanulia, nacho baba alimwachia mwana.

Njia hiyo ina upana wa milimita 14 au 15 hivi, na tofauti ya unene wa unywele mahali pasipofaa huharibu sauti tatu kwa mara moja. Matundu nayo hayakutobolewa yakaachwa. Fundi aliingiza kisu kidogo na kulichimba tundu kwa ndani, likawa pana ndani kuliko nje. Akichimba upande wa juu, sauti hupanda. Akiongeza upana, hufunguka. Ndivyo alivyoilinganisha ala, akichimba, akipuliza, akichimba tena. Na hakuna kurudisha vumbi lililokwisha kutoka.

Kwa nje, mahali pa kifunguo, fundi wa kale hakutia chuma. Alipokuwa akikereza aliacha pete ya mti imezunguka mwili, kisha akaikata yote isipokuwa kibonge kimoja. Kibonge hicho akakipasua katikati kwa msumeno mwembamba, na kifunguo kikakaa katika ufa huo kwa kipini cha waya. Chini ya kifunguo palikuwa na kamani ya shaba, na chini ya ncha yake kipande bapa cha ngozi cha kufunika tundu. Viungo vya mwili vilizungushiwa uzi ili visivuje, na mahali pa kuunganikia palivishwa pete za pembe, za ng'ombe kwa watu wa kawaida, za ndovu kwa mwenye fedha. Baada ya hayo wengine waliupaka mti maji makali ya asidi ukawa wa hudhurungi yenye mawingu. Katika nusu ya pili ya karne ya 18 desturi ikawa vifunguo vitano. Kwa vitano hivyo mpigaji alipata sauti zote, lakini nyingi alizipata kwa kuruka kidole: hufunga tundu la chini na kuacha wazi lililo juu yake, na sauti hutoka kama imefunikwa kwa kitambaa. Kwa hiyo kila ngazi ya sauti ilikuwa na rangi yake, na mtunzi mwema aliitumia. Mozart alipokuwa Mannheim mwaka 1778 alimwandikia baba yake akitamani kwamba kwao nako kungekuwa na klarineti. Na katika mwaka 1791, mwaka wa kufa kwake, aliitungia klarineti muziki wake mkuu kwa ajili ya rafiki yake Anton Stadler.

Nalo Kanisa liliijua. Katika vijiji vya Uingereza, kabla vinanda havijaenea, palikuwa na wapigaji waliokaa katika ghorofa ya nyuma ya kanisa, wenye fidla, klarineti na nyinginezo, wakiwaongoza watu kwa zaburi. Walikuwa maseremala, washona viatu na wachungaji wa kondoo. Karne ya 19 ilipofika katikati, vinanda viliwaondoa mmoja mmoja. Mwandishi Thomas Hardy, ambaye baba yake na babu yake walipiga ala za nyuzi kanisani, aliandika mwaka 1872 kitabu kiitwacho Under the Greenwood Tree juu ya wapigaji wa namna hiyo; na humo wazee wa fidla wanaisema klarineti vibaya kweli kweli, kana kwamba haikuumbwa kwa ibada. Ni desturi ya wapiga fidla.

Buksi ilikuwa na kosa moja. Hupenda maji. Pumzi ya mtu ni mvuke, na mti ule hunywa, huvimba, hukauka, hujikunja. Klarineti nyingi za kale zimepinda kama upinde, na njia ya pumzi iliyokuwa mviringo imekuwa kama yai, kwa kuwa mti haupungui sawasawa pande zote. Mafundi wa leo watakao kuigiza ala ya zamani huipima njia hiyo pande mbili kwa kila hatua, wapate kukisia fundi alikusudia nini. Makumbusho nayo yana shida: klarineti iliyonyamaza miaka mia na hamsini, ikipulizwa ghafula kwa muda wa saa nzima, yaweza kupasuka, isipopulizwa, hakuna ajuaye sauti yake. Kwa hiyo huachwa ya asili ikalala, na hupulizwa iliyoigizwa. Bwana Nicholas Shackleton, mtaalamu wa Uingereza aliyesoma tope la chini ya bahari akatambua majira ya zama za barafu, alikusanya klarineti zaidi ya 800. Naye alipofariki mwaka 2006 aliziachia Chuo Kikuu cha Edinburgh.

Hata hivyo si maji peke yake yaliyoiondoa buksi. Viliiondoa vifunguo. Iwan Müller alileta Paris klarineti yenye vifunguo 13, na vifuniko vya ngozi vilivyojazwa sufu ndani, visivyovuja. Katika mwaka 1812 wakuu wa chuo cha muziki cha huko waliikataa. Walisema ala moja ikipiga ngazi zote sawa, zile rangi mbalimbali za klarineti kubwa na ndogo zitapotea. Twaweza kuwacheka, lakini neno lao lilikuwa kweli: zilipotea. Katika mwaka 1839 Hyacinthe Klosé na fundi Buffet wakaonyesha klarineti ya namna nyingine, iliyofuata mfano wa pete za filimbi ya Theobald Boehm. Nayo ina matundu 24, vifunguo 17 na pete 6. Vyuma vyote hivyo haviwezi kukaa katika vibonge vya mti. Husimama juu ya nguzo ndogo zilizokazwa kwa parafujo ndani ya ukuta wa ala, na vyuma virefu vipitavyo toka nguzo hata nguzo. Mti ukijikunja kidogo tu, nguzo hukosana na vyuma hukwama. Ilipasa upatikane mti usiokunywa, usiojikunja, ushikao parafujo kama chuma, na ambao kingo za matundu yake hubaki kali.

Ndipo mafundi wa Ulaya, katika nusu ya pili ya karne ya 19, walipozidi kuugeukia mpingo. Wao huuita grenadila, au ebeni ya Msumbiji, ingawa si ebeni hata kidogo. Ni wa jamaa ya kunde, wenye maganda mepesi na miiba, kama mnavyoujua. Mita moja ya ujazo ya mpingo mkavu hufika kilo 1,200 na zaidi. Watu husema mti huo ndio uletao sauti nzuri. Walakini wataalamu waliopima wameona ya kuwa sauti ni ya hewa iliyomo ndani, na ukuta huongeza kidogo sana. Sifa ya mpingo ni kwamba hukaa kama fundi alivyouacha.

Basi hapa twafika kwetu. Ninyi wa Lindi, Kilwa na Ruvuma mmeukanyaga mti huu tangu utoto. Mmewaona Wamakonde wakiuchonga, na mmeuona pia ukichomwa makaa. Mpingo hukua polepole mno. Ili upate kiini cheusi cha kutosha klarineti hutaka miaka 70 hata 100. Mti unaoangushwa leo ulichipuka kabla ya wengi wa wazee waketio hapa mbele hawajazaliwa. Tena gogo lenyewe mara nyingi limepinda, lina nyufa au moyo mtupu, na ganda lake la manjano halifai. Likiisha kupasuliwa, sehemu kubwa huwa vumbi na vipande. Vile vichache vilivyo safi hupakwa nta nchani visipasuke, huenda ng'ambo, hurudi vikiwa klarineti ambayo bei yake bendi ya parokia haiiwezi.

Jambo hili si la kulalamikia tu, maana yako yaliyofanyika. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yaruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuulinda, kuuza miti kwa mpango na kubaki na mapato. Katika wilaya ya Kilwa vijiji vya Kikole na Kisangi vilifuata njia hiyo, na mwaka 2009 misitu yao iliingizwa katika cheti cha FSC, cheti ambacho wanunuzi wa ng'ambo hukiangalia kujua kwamba mti umekatwa kwa haki. Tangu mwanzo wa mwaka 2017 jamaa yote ya miti hii imo katika mapatano ya mataifa yaitwayo CITES, na kuipitisha mpakani huhitaji hati. Wapigaji walilia sana, maana hata ala zao ziliulizwa hati, hata mwaka 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa zikaachiliwa. Magogo hayakuachiliwa. Nao Buffet Crampon wa Ufaransa, tangu mwaka 1994, huuza klarineti za namna moja zilizofanywa kwa vumbi la mpingo lililoshikanishwa kwa gundi kali, ili kile kilichotupwa kipate kazi. Wapigaji wengine hutia mashaka. Sisi twaona vumbi ni afadhali kuliko makaa.

Vijana wa karakana mmetuuliza kama keezo letu laweza kukereza mpingo. Laweza, ila patasi zinolewe kila baada ya dakika chache, na mti uende polepole, tena mfunge kitambaa puani, kwa kuwa vumbi lake huwasha pua na ngozi. Anzeni na kipande kifupi, mtoboe kwanza ndipo mkereze, si kinyume chake. Kisha mkiache rafuni miezi sita kabla ya kukigusa tena. Mwalimu wenu ametandika mezani vipande vitatu, cha mvule, cha msonobari na cha mpingo, na kando yake pana ndoo ya maji. Vitieni vyote vitatu mwone kipi kinazama. Kile cha mpingo, mkikitoa, kifuteni na kukitazama ncha kwa mwangaza: pete zake ni nyembamba hata hazihesabiki kwa jicho. Aliye na kioo cha kukuzia na ajaribu kuzihesabu.